Springi za lori zinazovunjika kila mara: mwongozo kamili wa kuzipima, kuzipanga na kuzifunga

Malalamiko ni yale yale. Lori limevunja springi ya nyuma, limeingia gereji, limeongezwa jani (bamba la chuma la springi) moja au mawili "ili liwe gumu", na kabla mwezi haujaisha springi imevunjika tena, safari hii jani la kwanza lenye macho, yale matundu ya mwishoni yanayopitishwa pini. Mwenye gari anamlaumu dereva, dereva anamlaumu fundi, fundi anailaumu barabara. Ukiwauliza wote watatu ekseli ile ilibeba tani ngapi, au yubolti (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli) zilikazwa lini mara ya mwisho, hakuna mwenye jibu.

Mwongozo huu ni wa ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne, ile ya malori ya kubeba mchanga, mazao, saruji na bidhaa za dukani. Kwa ekseli mbili za nyuma zilizofungwa pamoja kuna maneno yake huko mbele. Hatua zimepangwa kwa makusudi: kusoma, kupima na kupiga hesabu kunatangulia, kununua na kufunga kunafuata. Ukianza na kununua utarudi gereji.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kufungua nati hata moja

- Futi ya chuma ya mita 3 au zaidi, kalipa ya kupimia unene, chaki, rangi kidogo, daftari na kalkuleta ya simu.
- Risiti ya mizani inayoonyesha uzito wa kila ekseli, lori likiwa na mzigo wake wa kawaida.
- Jeki ya tani 20, stendi mbili za chuma na choki nne za matairi. Tofali la saruji si stendi. Hupasuka bila kuaga.
- Vaisi kubwa, au jiklampu mbili nzito.
- Brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, grenda na grisi ya grafaiti.
- Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Kama hakuna, bomba imara la mita 1 la kuingiza kwenye mkono wa spana.
- Yubolti mpya nne pamoja na nati na washa zake, senta bolti mbili mpya (bolti inayopita katikati ya majani yote), bushi (bomba fupi la ndani ya jicho) na pini za macho.

Mfuko ukibana, punguza kwingine kokote lakini usipunguze kwenye yubolti. Sababu utaiona kwenye hesabu.

## Hatua ya 1: Isome springi iliyovunjika kabla hujaiuza skrepa

Kipande kilichovunjika ndicho shahidi pekee asiyetetea mtu. Kioshe kwa dizeli na brashi laini. Usikisugue kwa brashi ya waya, utafuta ushahidi.

Uso wa mvunjiko mara nyingi una sehemu mbili. Ya kwanza ni laini, nyeusi au yenye kutu, na ina mistari myembamba iliyopinda, mmoja nje ya mwingine, kama alama ambazo maji huacha mchangani yakikupwa. Hapo ufa ulikuwa unakua kidogo kidogo kwa wiki au miezi. Sehemu ya pili ni ya chembechembe na inang'aa kijivu. Hiyo ndiyo iliyokatika siku yenyewe.

Fuata ile mistari iliyopinda kuelekea ndani mpaka ufike inapoanzia. Pale kwenye kitovu kuna kitu: ukingo wa tundu, alama ya nyundo, doa la welding, kovu la kutu. Kitu hicho ndicho kilichoua springi.

Halafu linganisha ukubwa wa sehemu hizo mbili. Kama ile laini imekula karibu jani zima na ya chembechembe imebaki ukanda mwembamba, basi mzigo haukuwa mkubwa hivyo. Ufa uliachwa ukue bila mtu kuchungulia. Kama karibu uso wote ni chembechembe, ama lori lilipigwa dhoruba moja kubwa, ama chuma chenyewe kilipikwa vibaya kikawa kikavu.

Mahali palipovunjika nako kunasema:

- Kwenye tundu la senta bolti. Yubolti zililegea. Sina "huenda" hapa. Nitaonyesha kwa nini kwenye Hatua ya 4.
- Karibu na jicho. Sheko, kile kiungo kinachobembea kati ya jicho na chesisi, imekwama kwa kutu, au bushi zimekwisha na pini inagonga.
- Pale ncha ya jani la chini inapogusa jani la juu. Ncha ilikatwa ikaachwa na ukingo mkali, ikawa inakwangua. Utaona unga mwekundu wa kutu na mfereji mdogo.
- Jani la kwanza peke yake, na klipu (vishikizo vinavyozunguka majani) hazipo. Gurudumu likiangukia shimoni springi hufunguka kuelekea chini. Bila klipu, jani la kwanza hubeba uzito wa ekseli peke yake.
- Majani kadhaa kwa pamoja, na raba ya kugongea, ile inayozuia ekseli isigonge chesisi, imesagika. Huyu kweli alizidishiwa mzigo.

Umefaulu hatua hii ukiweza kuandika sentensi moja kwenye daftari: "Ilivunjikia mahali fulani, chanzo ni kitu fulani."

## Hatua ya 2: Jua ekseli inabeba nini hasa

Usikadirie kwa idadi ya mifuko. Chukua risiti ya mizani, iwe ya Vigwaza, Mariakani au popote unapopita, usome uzito wa ekseli ya nyuma peke yake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2013 inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Kwa ekseli mbili pacha zenye matairi manne kila moja ni tani 18, na kwa tatu ni tani 24.

Kuna wenye magari wanaoamini springi ngumu "zinasaidia kwenye mizani". Mizani inapima kinachokanyaga chini. Weka hata majani 20, tani 12 zitasomeka tani 12, na majani yenyewe yatakuwa yameongeza uzito.

Sasa toa uzito usiokalia springi: ekseli, difu, magurudumu, breki. Kwa lori la aina hii nakadiria tani 1.2. Ukiweza kujua uzito wa ekseli yako kwenye kitabu cha gari, tumia huo.

Mfano tutakaoenda nao hadi mwisho: tani 10 toa tani 1.2 ni tani 8.8. Gawa kwa springi mbili unapata kilo 4,400 kwa kila upande. Zidisha kwa 9.81 uzipeleke kwenye nyutoni, kipimo cha nguvu: karibu 43,200.

## Hatua ya 3: Pima springi yenyewe

Pima upande ambao haujavunjika, na andika kila kipimo kwa milimita.

1. Urefu kutoka katikati ya jicho moja hadi katikati ya jingine, ukifuata jani lenyewe.
2. Umbali kutoka senta bolti hadi kila jicho. Springi nyingi hazigawanyiki nusu kwa nusu. Upande wa mbele huwa mfupi kidogo. Ukizigeuza wakati wa kufunga, ekseli itakaa si mahali pake na propela shafti italalamika.
3. Upana wa jani.
4. Unene wa kila jani, kwa kalipa, mahali pasipo na kutu. Pima majani yote, si moja.
5. Urefu ulioshikwa na yubolti, kutoka ukingo wa nje wa moja hadi ukingo wa nje wa nyingine.
6. Nafasi kati ya ekseli na raba ya kugongea, lori likiwa na mzigo.

Namba 4 ndiyo inayofichua mengi. Ukikuta majani ya milimita 14 na katikati yake limechomekwa moja la milimita 16 kutoka gari jingine, umeshapata ugonjwa. Majani yaliyofungwa pamoja hujikunja pamoja, na yakijikunja sawa, lile nene hupata mkazo (nguvu inayobebwa na kila milimita ya mraba ya chuma) mkubwa zaidi kulingana na unene wake. Kwa hiyo la 16 kati ya ya 14 linabeba mkazo wa asilimia 14 zaidi ya wenzake. Mwenye gari ananunua jani nene akidhani anaongeza mlinzi, kumbe ndilo litakalokatika kwanza.

Springi yetu ya mfano: urefu wa jicho hadi jicho 1,400, upana 90, majani 8 ya unene wa 16, yubolti zimeshika 150, nafasi hadi kwenye raba 50.

## Hatua ya 4: Piga hesabu

Kanuni ni mbili tu. Zote zinachukulia majani yana unene mmoja na yubolti zimebana sawasawa.

Mkazo = (6 × F × L) ÷ (n × b × t × t)

Kushuka = (6 × F × L × L × L) ÷ (n × E × b × t × t × t)

F ni nusu ya mzigo wa springi moja, kwa nyutoni. L ni nusu ya urefu unaofanya kazi, yaani urefu wote ukiondoa ule ulioshikwa na yubolti. n ni idadi ya majani, b upana, t unene. E ni namba ya chuma, 206,000, nayo haibadiliki ununue springi Gerezani au uagize Japani.

Kwa mfano wetu F ni 21,600. L ni 1,400 toa 150, gawa kwa 2: 625.

Mkazo: 6 × 21,600 × 625 ni 81,000,000. Chini, 8 × 90 × 16 × 16 ni 184,320. Jibu ni karibu 439, kwa nyutoni kwa kila milimita ya mraba.

Kushuka: ukipiga kwa kanuni ya pili unapata karibu milimita 52. Ugumu wa springi ni mzigo gawa kwa kushuka: 43,200 ÷ 52.1, karibu nyutoni 829 kwa kila milimita.

Je, 439 ni nzuri? Chuma cha springi kama SUP9 kilichopikwa vizuri huanza kulala moja kwa moja, yaani hakirudi tena kwenye mpindo wake, kwenye mkazo wa takriban 1,100. Kwa lori lililopakia na kusimama, mimi hukubali 400 hadi 500. Halafu angalia gurudumu linapopiga shimo hadi raba iguse: kushuka kunakuwa 52 na 50, jumla 102, na mkazo unapanda kwa kiwango hicho hicho hadi karibu 860. Bado kuna nafasi. Kama raba imeng'oka, hakuna kinachosimamisha safari hiyo, na hapo ndipo majani yanapokatika kwa pamoja.

### Ukiongeza majani manne

Tuseme mwenye gari anataka majani 12. Mkazo unashuka hadi 293, jambo linalopendeza machoni. Kushuka kunakuwa milimita 35 na ugumu unapanda hadi 1,244.

Sasa lirudishe lori likiwa tupu. Springi moja ikibeba kilo 900 tu, hiyo ya majani 12 inashuka milimita 7. Gurudumu likikutana na jiwe la milimita 40, springi haina habari. Lori zima linaruka. Nguvu ile haipotei. Inakwenda kwenye hanga (kishikizo cha springi kwenye chesisi), kwenye riveti za chesisi, kwenye taa, kwenye mgongo wa dereva na utingo. Ndiyo maana malori yaliyoongezwa majani hovyo hupasuka chesisi nyuma ya kabini au kwenye hanga, na mwenye gari haoni uhusiano wowote.

### Ukipunguza unene ukaongeza idadi

Chukua majani 10 ya milimita 14 badala ya 8 ya milimita 16. Mkazo ni 459, karibu sawa na mwanzo. Kushuka ni milimita 62. Umepata springi laini zaidi inayobeba mzigo ule ule. Unene una nguvu kwa sababu unazidishwa mara tatu kwenye kanuni: kutoka 14 hadi 16 ni milimita 2 tu, lakini ugumu wa kila jani unaongezeka kwa karibu nusu.

Kama lori lako hutembea tupu safari moja na limejaa safari nyingine, jibu zuri kuliko yote ni springi ya msaada, ile fupi inayokaa juu ya kubwa na kugusa vituo vyake mzigo ukishaingia. Likiwa tupu haifanyi kazi, likiwa limejaa inaingia. Magari mengi yalitoka nayo kiwandani, ikang'olewa njiani na mtu aliyeona "haigusi kitu".

### Yubolti zikilegea

Hili ndilo la kusoma polepole. Yubolti zikiwa zimebana, kile kipande cha milimita 150 katikati hakijikunji, na tundu la senta bolti linakaa mahali penye usalama. Zikilegea, L inarudi kuwa 700 badala ya 625. Mkazo unapanda kutoka 439 hadi karibu 492, na sasa mahali unapokuwa mkubwa kuliko pote ni katikati kabisa, kwenye tundu. Tundu la milimita 14 limepunguza upana kutoka 90 hadi 76, kwa hiyo mkazo unakuwa karibu 583. Na kwenye ukingo wa tundu lolote mkazo hujikusanya zaidi ya hapo, kwa sababu hauna pa kupita.

Hakuna hata kilo moja iliyoongezwa kwenye mzigo. Springi iliyokuwa salama imehukumiwa na nati iliyolegea.

## Hatua ya 5: Nunua majani yanayofanana

Ukienda dukani, iwe Gerezani au Grogan, nenda na daftari, kalipa na kipande cha jani la zamani. Unataka upana ule ule, unene ule ule, na kama inawezekana seti nzima ya kiwanda kimoja. Badilisha pande zote mbili kwa pamoja. Upande mmoja mpya na mwingine mchovu unalaza gari, halafu unaanza kulaumu tairi.

Ukichanganya majani yaliyotumika, yapimie haya:

Mpindo. Kila jani fupi linatakiwa liwe limepinda kidogo zaidi ya lile la juu yake. Weka fupi chini ya refu bila kubana. Ncha ziguse, na katikati kuwe na mwanya wa milimita chache. Senta bolti ikikazwa mwanya unafungwa, na jani fupi linakuwa tayari linasukuma. Ukikuta kinyume, katikati pamegusa na ncha zinaelea, jani hilo halibebi kitu, ni abiria.

Urefu wa ngazi. Gawa urefu unaofanya kazi kwa idadi ya majani toa moja. Kwa mfano wetu 1,250 ÷ 7 ni karibu 179. Jani fupi kabisa ni 179 jumlisha 150, yaani 329. Yanayofuata ni 507, 686, 864, 1,043, 1,221, kisha mawili marefu kamili. Usihangaike na milimita moja moja, ila ngazi isiruke. Mahali palipoacha pengo kubwa ndipo patakapovunjika.

Ngozi ya chuma. Kataa jani lenye alama za nyundo upande wa juu wa mpindo, lenye kovu la kutu linaloshika ukucha, au lenye hata tone la welding.

Na sasa makatazo ambayo yanavunjwa kila siku:

- Usitoboe tundu kwa gesi. Moto unaua upikaji wa chuma kuzunguka tundu lote na kuacha ukingo wenye nyufa ambazo jicho halioni. Toboa kwa drili ya kasi ndogo, kisha lainisha ukingo pande zote mbili.
- Usipashe jani moto ili "kulirudishia mpindo". Litapinda, ndiyo, na likipoa litakuwa laini kama chuma cha geti. Kupika springi kunahitaji tanuri, mafuta ya kuzimishia na joto la pili linalopimwa. Kulikunja baridi kwa presi kunakubalika kidogo. Kwa nyundo, kila pigo ni mwanzo wa ufa.
- Usiunganishe jani kwa welding, hata kwa "kufika nyumbani tu".
- Mkichomelea chesisi, msibane waya wa ardhi kwenye springi, na zifunikeni cheche zisizidondokee.

## Hatua ya 6: Fungua bila kujiumiza

Egesha pagumu na tambarare, lori tupu, choki kwenye matairi ya mbele. Inua chesisi, simamisha stendi chini ya chesisi, kisha shusha uzito ukae juu ya stendi. Jeki ibaki chini ya ekseli kuishikilia tu.

Lowanisha nati za yubolti kwa mafuta ya kulegeza kutu usiku uliotangulia. Zisipofunguka, zikate kwa grenda; si utazitupa hata hivyo?

Hatari kubwa ni senta bolti. Majani yaliyobanwa pamoja yana nguvu iliyofichwa, na bolti ikikatika wakati unafungua, yanaruka. Bana rundo zima kwa vaisi au jiklampu mbili, moja kila upande wa bolti, kisha fungua bolti, na mwisho legeza jiklampu kidogo kidogo kwa zamu. Usisimame mbele ya ncha za majani wala kuinamia juu yake.

## Hatua ya 7: Panga majani

Safisha kila jani kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane. Pitisha grenda kidogo kwenye ncha za chini, zisiwe na ukingo mkali. Paka grisi ya grafaiti nyembamba kwenye sehemu zinazogusana. Nasema nyembamba: grisi nene inakusanya mchanga, na mchanga ni msasa. Oili chafu ya injini haina kazi hapa.

Panga kuanzia refu hadi fupi, elekeza upande mfupi wa springi mbele kama ulivyoandika, pitisha chuma chembamba kwenye matundu yote ili yakae sawa, bana kwa vaisi hadi mianya yote ifungwe, ndipo uingize senta bolti mpya. Usitumie senta bolti kuvuta majani yaliyo mbalimbali. Kazi yake ni kuyaweka mahali pake, si kuyabana.

Rudisha klipu zote. Klipu ya bolti inatakiwa iwe na bomba lake la ndani ili isiyabane majani. Yanapaswa kuteleza ndani yake huku yakizuiwa kufunguka.

Ukimaliza, weka springi mezani na pima mpindo wake, kutoka mstari wa kati wa macho hadi jani la kwanza. Lori likipakia springi inapaswa ikaribie kunyooka, kwa hiyo mpindo wa springi huru uwe kushuka kwake na ziada kidogo. Kwa mfano wetu, milimita 60 hadi 70.

## Hatua ya 8: Funga

Kwangua kiti cha springi kwenye ekseli hadi pasiwe na rangi nene, kutu wala tope lililokauka. Rangi ikisagika baada ya siku mbili, yubolti zimelegea tayari bila nati kuzunguka hata kidogo.

Hakikisha kichwa cha senta bolti kimezama kwenye tundu lake la ekseli. Kikipanda pembeni, utakaza mpaka jasho likutoke na ekseli itakaa upande.

Yubolti ziwe mpya, za chuma chenye alama ya 8.8 au 10.9. Zile zinazokunjwa mtaani kwa nondo ya kawaida zinanyooka zikikazwa. Unahisi umekaza kumbe umezivuta. Na za zamani zimeshavutika mara moja, hazirudi.

Kaza kwa msalaba, raundi tatu au nne, kila nati kidogo, ili bamba la chini lishuke sambamba. Raundi ya mwisho ifanyike lori likiwa limesimama kwa matairi yake. Kipimo cha toki chukua kwenye kitabu cha gari, maana kinategemea unene wa yubolti. Kama huna spana ya toki, jua kwamba mtu wa kilo 60 akining'inia mwisho wa bomba la mita 1 anatoa karibu nyutonimita 590. Kwa hesabu hiyo unaweza kupata urefu wa bomba unaokufaa, badala ya "kaza mpaka basi".

Pini za bushi za raba nazo zikazwe mwisho, gari likiwa chini. Ukizikaza springi ikiwa inaning'inia, raba inabaki imesokotwa maisha yake yote mafupi. Bushi za chuma zipige grisi mpaka ya zamani itoke pembeni.

Kisha chora mstari wa rangi unaopita juu ya kila nati na bamba lake.

## Hatua ya 9: Kagua kabla ya kulipwa

- Urefu kutoka chini hadi chesisi, kushoto na kulia, lori tupu: tofauti isizidi milimita 10.
- Kutoka pini ya mbele ya springi hadi katikati ya ekseli, pande zote mbili: tofauti isizidi milimita 3. Ikizidi, lori litatembea upande na matairi yataliwa.
- Likipakia: springi imekaribia kunyooka, haijageuka kupinda kinyume. Sheko imeinama kwa mwelekeo wake wa kawaida, haijalala kwenye chesisi wala kugeukia upande wa pili.
- Nafasi hadi kwenye raba ipo pande zote mbili.

Baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza likiwa na mzigo, rudi ukaze yubolti tena. Majani, rangi na bamba vinakuwa vimejikalisha, na kuna nati zitakazoingia robo mzunguko. Rudia baada ya kilomita 1,000 hivi. Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, kwa sababu gari limeshalipiwa na liko njiani. Mwambie mwenye gari mapema kwamba bei ina kukaza mara mbili ndani yake, ataleta gari.

Siku za kawaida, mpe utingo kazi ya kuangalia ile mistari ya rangi kila asubuhi anapogonga matairi. Mstari ukiachana, nati imezunguka. Mstari ukiwa sawa lakini kuna unga mwekundu unaotoka kwenye kiti cha springi, yubolti imevutika. Vyote viwili vinataka spana leo.

## Kwa malori ya ekseli mbili za nyuma

Kama ekseli zako mbili zinashikiliwa na springi moja kila upande, iliyofungwa katikati na ncha zake kukalia ekseli, kanuni ni zile zile lakini mzigo si ule. Tani 18 zinashuka kupitia springi mbili tu. Toa uzito wa ekseli zote mbili na magurudumu yake, gawa kwa mbili, ndipo uingie kwenye hesabu. Usichukue idadi ya majani ya mfano wetu ukaipeleka huko. Na kwa kuwa springi hizi zimegeuzwa juu chini, jani refu liko chini, na uso wa mvunjiko utausoma ukianzia huko.

## Ikivunjika njiani

Jani fupi likikatika unaweza kutambaa hadi gereji ya karibu kwa mwendo mdogo, ukilikagua kila baada ya muda. Jani la kwanza likikatika upande wa mbele, simama. Hilo ndilo linaloshikilia ekseli isirudi nyuma. Likiachia, ekseli inachomoka upande mmoja na lori linajiendesha. Kwenye mteremko kama Kitonga hapana nafasi ya kujaribu bahati. Shusha mzigo au uhamishie gari jingine, tia choki, na springi ibadilishwe hapo hapo.